Baridi ya Njombe: kifua cha mtoto, magaga na kinyungu kilichoungua

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Pemba, nimeolewa Uwemba, Njombe, na huu ni mwaka wangu wa pili huku. Mwaka jana baridi ya mwezi wa sita na wa saba ilinishinda. Kwetu mafuta ya karafuu ni ya kila kitu, basi nilikuja na chupa yangu. Nikajipaka kwenye magaga bila kuchanganya na chochote. Mwanzo miguu ilikufa ganzi nikafurahi, kesho yake ngozi ikachubuka.

Sasa nina mtoto wa miezi minane. Juzi alibanwa na mafua, nikampaka mafuta ya mkaratusi kifuani na chini ya pua. Alikohoa akawa kama aliyepaliwa mpaka nikamfuta kwa kanga. Mama mkwe anasema nimfukize kwa maji ya moto chini ya blanketi. Mume wangu anasema usiku tuingize jiko la mkaa chumbani. Sijui nimsikilize nani.

La pili ni bustani. Tuna kinyungu, yaani bustani ya bondeni penye unyevu, mwaka jana tulipanda maharage na nyanya. Usiku mmoja tu vyote vikawa vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto. Tulichoma matairi tupate moshi, haukusaidia. Karibu na nyumba nina miche 12 ya parachichi ya mwaka mmoja, na mchaichai ambao nao ulikauka. Jirani ananiambia mwaka huu nipulizie mboga mafuta ya mkaratusi ili zipate joto. Tupo mwisho wa mwezi wa tano na asubuhi pumzi inatoka kama moshi. Nifanye nini?

Mgeni wa Baridi, Uwemba

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Tuanze na mtoto, maana kinyungu kinaweza kungoja hadi kesho.

Mafuta ya mkaratusi usimpake tena, si kifuani, si puani, si kwenye mto wake. Kinachonukia ndani yake ni sineoli, na mvuke wake ukiwa mkali karibu na pua ya mtoto mdogo unaweza kufanya koo lijibane na pumzi ikatike kwa muda. Inaelekea ndicho ulichokiona. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asipakwe mkaratusi, mentholi wala kafuri, na hapa naingiza pia zile dawa za kuchua kifua zinazouzwa kwenye vikopo, kwa sababu nyingi zina vyote vitatu. Soma kopo kabla ya kufungua. Kumeza ni hatari zaidi: kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumtia mtoto degedege, na mafuta ya karafuu yakimezwa huumiza ini. Ikitokea, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja na chupa yenyewe mkononi.

Mafua yake yatibu hivi. Nunua duka la dawa matone ya maji ya chumvi ya puani. Dondosha tone moja au mawili kila tundu, subiri dakika moja, kisha vuta kamasi kwa kipira cha kunyonyea. Fanya hivyo kabla ya kumnyonyesha, kwa sababu mtoto mwenye pua iliyoziba hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi.

Halafu jifunze kuhesabu pumzi zake. Akiwa ametulia, halii, mfunue kifua uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Akishatimiza mwaka, hesabu ya kuogopa inashuka kuwa 40. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, au midomo ikigeuka rangi, usingoje asubuhi hata kama namba haijafika huko.

Mama mkwe anakutakia mema, lakini mtoto hafukizwi. Wanaoletwa hospitali wameungua kwa kujifukiza mara nyingi hawakuunguzwa na mvuke, ni sufuria iliyopinduka chini ya blanketi. Mtu mzima anaweza: maji yaliyochemka yaachwe yapoe dakika kama tano, bakuli pana mezani lisiloyumba, matone 2 au 3 tu ya mkaratusi, macho yafumbwe, dakika 5 zinatosha. Mwenye pumu asijaribu, harufu kali inaweza kumwamshia shambulio.

Jiko la mkaa lisilale ndani. Mwambie mume wako kwamba makaa yaliyokolea, yale mekundu yasiyotoa moshi, bado yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala hakohoi, analala zaidi mpaka hapumui tena. Chumba cha Uwemba kilichozibwa matambara kila upenyo kwa ajili ya baridi ndicho kibaya kuliko vyote. Weka jiko nje mpashe maji moto, jaza chupa ngumu, izungushie kitambaa, iweke kitandani nusu saa kabla ya kulala na uitoe mtoto anapoingia. Mvalishe nguo mbili tatu nyepesi zinazopandana, zina joto kuliko sweta moja nzito. Na chupa za mafuta yako zikae mbali na jiko, mafuta ya mkaratusi hushika moto upesi sana.

Sasa ngozi yako. Mafuta ya karafuu, mkaratusi, lavenda au mchaichai yaliyotolewa kwa mvuke si kama mafuta ya nazi. Kilo 100 za majani mabichi ya mchaichai hazifikishi kilo moja ya mafuta, kwa hiyo tone moja limebeba majani mengi. Ya Pemba kwenu, yanayotolewa kwenye majani na makonyo ya mkarafuu, yamejaa yujenoli. Hiyo yujenoli ndiyo inayotia ganzi jino, na ndiyo iliyokudanganya mguuni: ilikuunguza huku ikikuzuia kuhisi. Karafuu kwenye ngozi isizidi nusu ya asilimia moja, na isiguse kabisa mahali palipopasuka.

Kipimo ni rahisi. Mililita moja ni kama matone 20. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kuchanganyia, kama ya alizeti, ni mililita 30. Tia matone 6 ndani yake, hiyo ni asilimia moja, inafaa uso na mama mjamzito. Matone 12 ni asilimia mbili, kwa mwili wa mtu mzima. Karafuu kwa kiasi hichohicho ni matone 3, basi. Mchaichai usizidi matone 4, huwasha watu wengi. Mafuta ya ndimu au limau yaliyokamuliwa kwenye maganda usiyapake ukaenda shambani: jua la kiangazi cha Njombe litakuchoma mabaka.

Na ukweli ni kwamba kinachoziba ngozi isipoteze maji ni yale mafuta mazito ya kuchanganyia. Tone la kunukia ni la kunukia. Kwa hiyo tengeneza hii, inatumika nyumba nzima. Chukua kijiko kimoja cha chakula cha nta ya nyuki iliyoyeyushwa na vijiko vitano vya mafuta ya alizeti au ya parachichi. Yeyusha kwenye bakuli kavu lililokalia sufuria yenye maji yanayochemka taratibu, kamwe si juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka ikifika nyuzi 60 na kidogo. Ikishakuwa maji, mimina vijiko viwili kwenye kikopo cha mtoto, bila tone lolote. Iliyobaki, vijiko vinne, iache mpaka ukingo wake uanze kuganda, ndipo utie matone 12 ya lavenda ukoroge. Ukiyatia ikichemka, harufu yote itaishia hewani. Tone la maji likiingia, itaota ukungu ndani ya wiki chache. Ikiwa ngumu mno asubuhi, yeyusha tena uongeze nusu kijiko cha mafuta.

Kwa magaga: loweka miguu dakika 10 hadi 15 kwenye maji ya vuguvugu, sugua kwa jiwe taratibu upande mmoja, kausha hadi katikati ya vidole, paka wakati ngozi bado ina unyevu kidogo, vaa soksi za pamba ulale nazo. Mpasuko unaotoa damu upakwe mafuta ya mgando matupu mpaka uzibe. Mwenye kisukari asisugue, aende kliniki. Na maji ya kuoga yasiwe ya moto sana wala usikae sana majini: kila unapotoka umepauka, umeosha mafuta yako mwenyewe. Jipake ndani ya dakika tatu. Mafuta ya nazi uliyokuja nayo yakiganda meupe hayajaharibika, huganda yakiwa chini ya nyuzi 24 hivi. Yaweke kwenye maji ya vuguvugu.

Bustani sasa, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kosa la mwaka jana halikuwa la uvivu. Mlichoma matairi usiku kucha. Tatizo ni kwamba mlipambana na baridi msipojua inaingilia wapi.

Mchana udongo hula joto la jua. Usiku huliachia kuelekea juu. Kukiwa na mawingu, sehemu ya joto hilo hurudi. Mbingu ikiwa wazi, upepo umetulia na hewa ni kavu, linakwenda moja kwa moja, na hewa iliyogusa ardhi inapoa kuliko ile iliyo kichwani kwako. Ndiyo maana kipimajoto cha ukutani kinaweza kusoma nyuzi 3 huku jani la haragwe limeganda. Hewa iliyopoa ni nzito, inateleza mlimani kama maji na kutuama bondeni. Kinyungu chenu kiko pale kwa sababu ya unyevu wa kiangazi, na palepale ndipo dimbwi la baridi linapojaa.

Moshi haulizuii joto hilo, linapita katikati yake. Asubuhi moshi unafanya jambo baya zaidi: unachelewesha jua kufika. Moto mmoja mkubwa nao hupeleka hewa yake ya moto juu kabisa na kuvuta hewa baridi kutoka pembeni iingie shambani. Matairi yamewatia sumu tu, msiyachome tena.

Jibu la kwanza ni kuchagua nini kinakaa wapi. Kinyungu mwezi wa sita na wa saba kipe kabichi, sukuma wiki, karoti, vitunguu saumu na figili, hivi huvumilia barafu nyepesi. Njegere majani yake yanavumilia, lakini maua na maganda machanga hayavumilii, kwa hiyo panga zisichanue katikati ya baridi. Maharage, nyanya, hoho, maboga na viazi mviringo vitoke bondeni. Hata mita chache za mwinuko upande wa juu zinaweza kutenganisha jani bichi na jani jeusi. Mkitaka maharage kinyunguni, ngojeni mwisho wa mwezi wa nane.

Angalia pia ua. Kama upande wa chini wa kinyungu kuna michongoma au mabua yaliyosongamana, mmejenga lambo la baridi. Fungua pengo pana kama mlango pale palipo chini kabisa, hewa ipite iende zake. Ua mzuri ni wa upande wa juu, unaopindisha baridi ipite pembeni.

Mbolea ya kukuzia, urea au CAN, simamisha leo. Inatoa machipukizi laini yenye maji mengi, na hayo ndiyo hupasuka kwanza. Ilitakiwa iishe wiki nne hadi sita kabla. Samadi iliyooza haina haraka hiyo, lakini nayo iache hadi mvua zikaribie.

Usiku wa hatari unajulikana mapema. Mchana ulikuwa na ubaridi mkavu, jioni upepo unakatika ghafla, nyota zinaonekana nyingi. Siku hiyo fanya kazi kwa saa. Saa 6 hadi saa 8 mchana mwagilia udongo hadi chini kama kina cha kiganja. Udongo mbichi hubeba joto jingi kuliko mkavu, lakini ukimwagilia jioni hautapata muda wa kulipokea. Saa 11, jua bado lipo, funika. Tumia magunia, viroba vilivyokatwa au mashuka makuukuu, vikiwa juu ya vijiti na kingo zimefika chini, kwa sababu unachotega ni joto la udongo. Plastiki inayogusa jani hugandisha jani hapo inapogusa, iinue au usiitumie. Dumu la maji lililokaa juani mchana, likiwekwa ndani ya kifuniko katikati ya nyanya, huachia joto lake polepole usiku. Baridi kali huwa saa 11 hadi saa 12 alfajiri, basi usifunue kwa kuona kumekucha. Ngoja saa 3.

Matandazo yanawachanganya wengi. Nyasi nene chini ya nyanya huzuia joto la udongo lisipande kulifikia jani, kwa hiyo usiku wa barafu zisogeze pembeni ya mstari, udongo uwe wazi na mbichi. Karoti na mashina ya mchaichai ni kinyume chake: huko tunalinda kilicho ardhini, nyasi ziwe nene.

Kunyunyizia maji majani alfajiri kidogo kisha kuacha ni hasara, maji yanayokauka hupoza jani zaidi. Kama huna mtambo wa kunyunyiza mfululizo hadi barafu yote iyeyuke, usianze.

Na yale mafuta ya jirani: hayaongezi hata nyuzi moja. Ubaridi au moto unaouhisi ni ngozi yako inawashwa, mmea hauna hisia hiyo. Yujenoli ya karafuu imo hata kwenye viuagugu, kwa sababu inaunguza jani linapoguswa. Ukipulizia mboga umemsaidia adui.

Miche 12 ya parachichi ni mtaji, ipe nguvu zako zote. Kila mche ujengee kibanda: miti mitatu au minne, nyasi kavu pande zote na juu, zisiguse majani. Acha upenyo mdogo upande wa kaskazini, kwa kuwa mwezi wa sita jua letu hupita huko, ila upande wa mashariki uwe umezibwa, jani lililoganda likipigwa na jua la asubuhi ghafla huharibika zaidi. Shina lifunge nyasi kavu au karatasi ya mfuko wa saruji kuanzia chini hadi kiganja kimoja juu ya kiungio, pale mche ulipobebeshwa. Kiungio kikifa, kitakachochipua chini ni shina la asili, si aina uliyolipia. Usirundike udongo kwenye shina, parachichi huoza mizizi kirahisi.

Kukitokea majani kuungua, mkasi ukae ndani. Matawi yaliyokufa yanayakinga yaliyo chini, na huwezi kujua kifo kimeishia wapi mpaka machipukizi yatoke, pengine mwezi wa tisa au wa kumi. Shina lililobaki bila majani lipake chokaa nyeupe, jua lisilipasue. Viazi vilivyoungua juu usiving'oe kwa hasira. Palilia udongo juu ya tuta, vilivyo chini viko salama.

Mchaichai ukate wiki hii, usisubiri ukauke. Acha kimo cha kiganja, sentimita 15 hadi 20, mashina yafunike nyasi nene. Majani uliyokata yakaushe kivulini uyatunze kwa chai, hiyo unaweza kunywa na mume na mama mkwe jioni zote za baridi, mradi ni majani na si mafuta ya chupani. Ng'oa mashina mawili yenye mizizi uyapande kwenye ndoo iliyotobolewa, uiweke kibarazani ikiegemea ukuta unaopigwa na jua la mchana, ukuta huo hutoa joto usiku. Mwagilia mara moja kwa wiki tu, mizizi baridi iliyolowa huoza. Mrehani pia uingize kwenye ndoo, utakufa wa kwanza. Rozmeri na lavenda ziache nje, zimezoea. Nanaa itakauka juu irudi yenyewe. Mwezi wa kumi gawa mashina ya ile ndoo, na mvua za mwezi wa kumi na moja zikishalowesha udongo vizuri, yarudishe bustanini.

Nakutakia heri wewe na mtoto.

Shangazi